Miezi saba Tudor, na bado sina wa kumbishia hodi

Kwa Bi Mshauri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mwanamke wa miaka 61, mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Nilifundisha katika shule za upili za kwetu Nandi kwa miaka 34, na mingi ya miaka hiyo niliishi Kapsabet, mahali nilipodhani ndipo nitakapozeekea. Mume wangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Mwaka jana binti yangu, ambaye ameajiriwa na kampuni ya kutoa mizigo bandarini, alinisihi nije niishi naye Mombasa ili nimsaidie kumlea mwanawe wa miaka mitano, nami sikuona sababu ya kukaa peke yangu katika nyumba ya vyumba vinne ilhali mjukuu wangu analelewa na mtu nisiyemjua.

Sasa naishi Tudor, ghorofa ya tatu, na mwezi huu unatimia wa saba. Joto nimelizoea upesi kuliko nilivyotarajia. Nimezoea hata kununua maji ya mitungi kwa wasukuma mikokoteni siku ambazo mifereji imekauka. Jambo ambalo sijalizoea ni kutojulikana. Kapsabet nilikuwa siwezi kutoka stendi hadi nyumbani kwa chini ya saa nzima, kwa maana kila hatua alitokea mwanafunzi wangu wa zamani, au mzazi wa mwanafunzi, au mwalimu mwenzangu, na kila mmoja aliniita Mwalimu. Hapa nimekuwa "mama wa juu" au "yule bibi wa bara", na siku nyingine napitisha tangu saa mbili asubuhi, mtoto anapokwenda shule, hadi saa saba anaporudi, bila kutamka neno na mtu yeyote.

Si kwamba watu ni wabaya. Watoto wa jengo hili hunipa shikamoo bila kukumbushwa, na majirani wote husalimu kwenye ngazi, lakini baada ya salamu kila mlango hufungwa. Mwezi wa Ramadhani, jirani wa mlango unaotazamana na wetu alimtuma mwanawe na sahani ya kaimati na vipande vya mkate wa sinia, vimefunikwa kwa kawa nzuri ya ukili. Nilifurahi mno, nikafikiri urafiki umeanza. Kesho yake niliiosha sahani ile mpaka ikang'aa, nikaivusha mimi mwenyewe pamoja na kawa yake, nikashukuru kwa dhati. Aliipokea kwa heshima. Sahani haikuja tena, na mimi sijui nilimkosea nini.

Liko jambo jingine ambalo naona haya kulieleza. Karibu na lango letu yuko mama anayeuza mbaazi na mahamri asubuhi, na wanawake watatu au wanne hukaa kwenye benchi lake wakila na kuzungumza. Siku zangu za kwanza aliniona nikisitasita, akaniita: "Ndoo, mama, ndoo ukae." Nami, kwa mazoea ya miaka 34, nikamwambia kwa tabasamu kwamba ndoo ni chombo cha kutekea maji, na neno analolitaka ni njoo. Wale wanawake walicheka, nami nikacheka nao. Mwenyewe hakucheka. Tangu siku hiyo hunihudumia haraka na kwa adabu, hunifungia mahamri yangu kwenye karatasi, wala hajanialika kukaa tena.

Kanisani naenda kila Jumapili. Mimi ni Mkatoliki, na kanisa linajaa, lakini misa ikiisha kila mtu hushika njia yake. Binti yangu aliniingiza katika kikundi cha wapangaji cha WhatsApp, ambako mazungumzo ni maji, takataka na nani ameegesha gari mahali pa mwenziwe. Jumapili jioni hutupeleka ufukweni Mama Ngina, tukala mihogo ya pilipili na ndimu tukitazama meli zikiingia Kilindini, na hapo ndipo huhisi upweke zaidi, kwa kuwa naona kila familia ina watu wake wa kupungia mkono.

Naomba uniambie kweli. Je, umri wa kupata marafiki wapya umenipita? Au nimwombe binti yangu anirudishe Kapsabet kabla sijamzoesha mjukuu kuniona kila siku?

Mwalimu Mstaafu, Tudor

*

Mwalimu, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliisoma kwa sauti mbele ya dada yangu, ambaye alipofika pale uliporudisha sahani alijishika kichwa akasema, "Maskini, hakuambiwa na mtu!" Basi niruhusu nianze na sahani, kwa sababu ndilo jambo dogo kuliko yote uliyoyaandika na ndilo rahisi kulitengeneza.

Sisi watu wa pwani sahani ya jirani hairudi tupu. Hatufundishwi darasani, na huenda jirani yako mwenyewe hawezi kukumbuka aliambiwa lini. Alikua tu akimwona mamake akitafuta cha kutia ndani ya sahani kabla ya kumtuma mtoto nayo. Kinachotiwa si lazima kiwe chakula kilichopikwa, wala hakihitaji kulingana na kilicholetwa. Ndizi mbili hutosha, au maembe, au konzi ya sukari nyumba ikiwa haina kitu. Sahani ikizunguka hivyo, hakuna anayejua tena nani alianza na nani anadaiwa, na watoto wanaotumwa nayo huwa na sababu ya kuingia nyumba zote mbili. Sahani ikirudi tupu na safi, pamoja na kawa yake na shukrani nzuri, mwenyewe huelewa kwamba hesabu imefungwa. Jirani yako hakukasirika, Mwalimu. Alidhani umemwambia kwa upole kwamba ungependa kukaa kivyako, naye akakuheshimu.

Sasa fanya hivi. Usijaribu kumpikia kaimati wala mahamri, kwa kuwa utakuwa unashindana naye uwanjani kwake. Wewe umetoka katika nchi ya majani ya chai. Agiza kutoka kwenu pakiti mbili za chai nzuri, weka moja kwenye sahani yako mwenyewe, funika kwa kitambaa, na umtume mjukuu wako avuke nayo saa kumi na moja jioni. Usiandike ujumbe wa simu wala usieleze chochote kuhusu Ramadhani. Sahani yako itarudi, na haitarudi tupu.

Nije kwenye benchi la mbaazi. Hapa nitasema nawe kama mwanafunzi mtundu anavyosema na mwalimu anayempenda, kwa hivyo nivumilie.

Unajua kuliko mimi kwamba Kiswahili sanifu ulichokifundisha miaka 34 kimejengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya mji wa Unguja. Unajua pia kwamba uamuzi huo ulipitishwa mwaka 1928 katika mkutano uliokaa papa hapa Mombasa, na kwamba Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, kilikuwa nacho kimeshindania nafasi hiyo, kwani wamisionari waliofika hapa, akiwamo Johann Ludwig Krapf aliyeshuka Mombasa mwaka 1844, walikuwa wamekiandika na kukitungia kamusi kabla kamati yoyote haijakaa. Kwa maneno mengine, sisi ndio tuliokuwa wenyeji wa mkutano ulioamua kwamba usemi wetu si wa vitabuni. Wazee wangu wa Kibokoni walikuwa wakilitaja jambo hilo kwa kicheko, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na chumvi kidogo.

Ulipokuwa ukifundisha ushairi, bila shaka ulikutana na Muyaka bin Haji, mshairi wetu aliyefariki mwaka 1840, na mato yake, na ndia zake, na kitwa na mtanga. Naamini ulisimama mbele ya ubao ukawaeleza watoto wa Nandi kwamba mato ni macho na ndia ni njia, na kwamba kutumia lahaja ni sehemu ya idhini ya mshairi. Basi mama wa mbaazi hakuhitaji kuomba idhini hiyo kwa mtu. Aliposema "ndoo ukae" alikuwa akisema lugha ileile uliyoipa alama kumi kwenye karatasi ya mtihani, isipokuwa safari hii ilitoka mdomoni mwa mtu mwenye upawa mkononi. Tena hakukuita ununue, maana wanunuzi hawaambiwi wakae. Alikupa kiti, nawe ukamsahihishia mwaliko mbele ya rafiki zake.

Sikulaumu, kwa maana mtu hawezi kuivua kazi ya miaka 34 kama anavyovua viatu mlangoni. Nataka uone tu kwamba ugeni wako haukutokana na watu kutokujua wewe ni mwalimu. Mara ile moja walipojua, walijua kwa njia hiyo.

Ndiyo maana nitakupinga mapema juu ya jambo ambalo naliona likija, ingawa hukuliandika. Siku si nyingi mtu atakushauri ufungue masomo ya jioni ya Kiswahili kwa watoto wa jengo, nawe utavutiwa, kwa sababu utaitwa Mwalimu tena na sebule yako itajaa. Itajaa wanafunzi. Wazazi watakuheshimu, watakulipa, na watakuuliza hali ya insha za watoto wao, lakini hakuna atakayekuja kukwambia kwamba amegombana na mumewe. Subiri mwaka mmoja. Kwanza uwe mtu anayefunzwa.

Tena hapa Mombasa una mengi ya kufunzwa, na watu wa hapa hupenda sana kufunza. Chai yako ikishafika na sahani ikisharudi, mwambie jirani yako kwamba unataka kujua unga wa mahamri unavyokandwa kwa tui na iliki mpaka ukaumuka vizuri, kwa kuwa ya kwako yanatoka magumu. Mwulize wakati gani unamfaa. Jihadhari na saa: asubuhi wanawake wengi wa mji huu wako jikoni au sokoni, adhuhuri ni wakati wa chakula na kulala, na Ijumaa mchana ina mambo yake. Kutembeleana kwetu huanza baada ya alasiri, kuanzia saa kumi hivi, kazi zikiwa zimepungua na jua limelegea. Wewe umekuwa ukisubiri kuona watu kati ya saa mbili na saa saba, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo sehemu ya siku ambayo wanawake wengi wa Mombasa hawana nafasi ya wageni. Mabaraza unayoyaona nje, yenye mabirika ya kahawa na watu waliokaa tangu magharibi, ni ya wanaume. Ya wanawake yako ndani, nyuma ya pazia, na hayaingiliki ila kwa hodi. Basi bisha hodi. Bisha mara tatu, na usipoitikiwa ya tatu rudi zako bila kinyongo, kwani huenda mtu anaswali au amelala, na kesho bisha tena.

Tukija kwenye hesabu, mambo yako si mabaya kama unavyodhani. Mwaka 2018 mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Kansas nchini Marekani, Jeffrey Hall, alichapisha uchunguzi uliowahusisha, miongoni mwa wengine, watu wazima waliokuwa wamehamia mahali papya karibuni. Alikadiria kwamba mtu unayemfahamu tu huhitaji kama saa 50 za kuwa nawe ndipo awe rafiki wa kawaida, kama saa 90 ndipo awe rafiki hasa, na zaidi ya saa 200 ndipo awe wa karibu. Mimi sina mazoea ya kupima mapenzi kwa saa, lakini hesabu hiyo ilinifanya niitazame barua yako upya. Salamu za dakika mbili kwa siku kwenye ngazi, kwa miezi saba, ni takriban saa saba. Hujashindwa kupata marafiki. Hujakaa na mtu. Nusu saa kwenye benchi la mbaazi, siku sita kwa wiki, ni saa tatu, na katika muda wa miezi minne utakuwa umefika zile 50 bila kufanya jambo lolote la ajabu zaidi ya kula mahamri ukiwa umeketi, badala ya kuyabeba kwenye karatasi.

Kwa sababu iyo hiyo sishangai kwamba misa haijakupa rafiki. Kanisa la mamia ya watu ni mahali pa kusali, na watu wakiinuka wanawaza chakula cha mchana. Waulize viongozi jumuiya ndogo ya mtaani kwako hukutana nyumbani kwa nani wiki hii. Hizi jumuiya ndogo ndogo ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele tangu miaka ya 1970 hukusanya majirani wachache sebuleni, zamu kwa zamu, na zamu ikifika kwako lazima wote waje, waone picha ya marehemu ukutani, waulize alikuwa mtu wa namna gani.

Hapo nimefika penye jambo ambalo uliliandika kwa sentensi moja ukapita. Mumeo alifariki miaka mitatu iliyopita, na Kapsabet kila mtu aliyekusimamisha njiani alimjua. Hapa hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia sauti yake. Sehemu ya upweke unaouona Tudor ulikuja nao garini, Mwalimu, na ungerudi nao vilevile. Mji mpya umeufunua tu, kwa kukunyima watu wa kumtaja pamoja nawe. Mzungumzie. Mzungumzie kwa binti yako kwanza, ambaye nina hakika naye anamtafuta mtu wa kumtajia babake na anaogopa kukutoa machozi. Ikiwa usingizi umekukimbia kwa majuma, au chakula hakina ladha, mwone daktari, na usilifanye kuwa suala la Mombasa na bara.

Mtu atakuelekeza pia kwa chama cha watu wa kwenu waishio hapa, nami sikukatazi. Ni raha kuu kusikia lugha ya mama na kunywa mursik mbali na nyumbani. Nenda mara moja kwa mwezi. Nimewaona, hata hivyo, watu walioishi mji huu miaka ishirini ndani ya chama cha namna hiyo, na ambao hadi leo kuvuka feri kwenda Likoni ni safari ya kuagana na familia. Wanaishi kijijini kwao, wakitoka jasho.

Una jambo moja ambalo hatuna wengi wetu, nalo ni kwamba unaipenda lugha hii. Siku moja jirani yako akishazoea mlango wako, mwombe akupeleke Biashara Street kuchagua leso. Nyie mnaita kanga, sisi leso, na yale maandishi ya chini huitwa jina. Utakaa dukani saa nzima ukisoma majina, nawe utatamani kuwa na darasa zima nyuma yako. Lakini usinunue doti ya kumpa mtu kabla jirani hajakueleza jina lake linaeleweka vipi mtaani, kwa kuwa yako majina ambayo kwenye kitabu cha fasihi simulizi ni methali na kwenye kamba ya kuanikia nguo ni matusi. Huo nao ni utaalamu ambao yeye anao na wewe huna, na hutaupata kwa kusoma.

Kurudi Kapsabet kupo siku zote, na nakushauri ufanye safari ya wiki mbili mwezi wa Agosti shule zikifungwa, umchukue na mjukuu, umwonyeshe njia ile ambayo huwezi kuipita kwa chini ya saa nzima. Usihame. Umri wako haujapita. Mama yangu alimpata rafiki yake wa karibu akiwa na miaka 66, kwenye foleni ya maji, na walianza kwa kuteta juu ya nani alitangulia kuweka mtungi.

Kesho asubuhi, basi, mpeleke mtoto shule kisha urudi kwa njia ya lango. Usimwombe mama wa mbaazi msamaha kwa maneno marefu, maana utamfadhaisha mbele ya wateja. Agiza, halafu mwambie kwamba tangu uje mjini umekuwa ukijiuliza kwa nini nyinyi mnasema njia na wao wanasema ndia, na ungependa akupe maneno mengine kama hayo. Kwanza atakutazama kuona kama unamdhihaki. Kisha atakupa moja, na mwenziwe wa benchini atadakia kwa la pili, na watabishana wao kwa wao juu ya la tatu. Akikwambia tena "ndoo, mama, ndoo ukae," nenda ukae.